Malalamiko Dhidi ya Mashemeji Laki Tatu wa Kisesa

Karakana ya Friji,
Igoma, Mwanza.
Jumatano, baada ya kazi.

Mzee Elias Chenge,
Kisesa.

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MKE WAKO, SIMU YAKE, NA WATOTO WAKE LAKI TATU

Naomba uhusike na kichwa cha habari hicho hapo juu, kwa sababu katika nyumba yako wewe ndiye mtu pekee ambaye bado hujahusika. Mimi ni Nathaniel Maige, yule fundi friji wa Igoma aliyekuja kwako Jumapili moja baada ya ibada akaishia kwenye zizi la ng'ombe. Ulinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, hukuniuliza kitu, ukaendelea kumtoa ndama kupe sikioni. Tangu siku ile nakutaja kwenye sala zangu.

Najua kijana haandiki barua mwenyewe kwenda kwa baba wa binti. Kazi hiyo ina watu wake, na mtu wangu nilikuwa naye, ila alipatwa na mkasa nitakaoueleza kwenye kifungu cha tano. Najua pia kwamba siku hizi barua za karatasi zimebaki kwa mahakama na watu wanaofukuzwa kazi. Lakini wewe unatumia simu ya kitochi, Mzee, na kitochi hakifungui video. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Kabla sijalalamika, niseme lililo moyoni. Nampenda Selina. Nilimjua alipoleta friza la mama yake lililokataa kugandisha, akanisimamia saa nzima kuhakikisha siibi kompresa. Nilipomaliza aliniambia kazi yangu ni nzuri lakini karakana yangu inanuka kama soksi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ukweli kwa sauti tamu namna ile. Nikafagia siku hiyo hiyo, na sijaacha kufagia. Mimi ni mtu wa maneno machache, isipokuwa kwenye barua, kwa hiyo naomba uamini hayo kabla ya kusoma mengine.

Sasa kuhusu mama yake. Kanisani anaitwa Getruda, lakini nchi nzima inamjua kama Mama Seli. Kila siku anasimamisha simu kwenye kile kistendi cha miguu mitatu, anawasha taa ya duara, anapika, analisha wageni na kutoa ushauri wa ndoa. Wanaomfuata wamefika laki tatu na ushee. Hata wewe usiyeonekana unajulikana, maana kikohozi chako husikika nyuma ya kila kipindi, na nimesoma kwa macho yangu mtu wa Songea akiuliza kama Baba Seli amepata dawa. Kwa upande wangu, madhara ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu idadi ya mashemeji.

Tulipoanza urafiki, Selina aliniambia ana kaka mmoja Kahama na mdogo wake wa kiume aliye kidato cha tatu. Nikajiandaa kwa wawili. Lakini Mama hufungua kila kipindi kwa kusalimia Kisukuma, "Mwangaluka wanangu!" na nimelifikiria jambo hili nikiwa na akili timamu. Kama ni wanawe, basi ni ndugu zake Selina. Kama ni ndugu zake Selina, basi kwangu ni mashemeji. Hakuna mwanaume wa ukoo wetu aliyewahi kubeba mashemeji laki tatu, na babu yangu aliyekuwa na wake wanne alilalamika kwa mashemeji ishirini tu.

Nao wanajua haki zao. Mmoja wa Tunduma ameniandikia kuomba nauli, kwa kuwa shemeji hamnyimi shemeji. Mwingine yuko Muscat, amenikataza kuvaa lile shati langu la kijani. Shati nimeliacha, lakini ningependa kujua nimeliachia nani.

2. Kuhusu sato niliyeshindwa kumla.

Hili ndilo shina la yote, naomba ulisome ukiwa umekaa. Jumapili ile nilialikwa kuja kusalimia. Nilikuja na sukari, majani ya chai na mkate, kama alivyonifundisha marehemu bibi yangu kule Busisi. Bibi huyo huyo alinifundisha jambo jingine: mwanaume hali chakula mbele ya mama wa binti anayemtaka. Mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Ukipishana naye njiani unashika upande, ukimkuta anakula unageuka, na wewe humwonyeshi meno yako yakitafuna mpaka wazee wakae, wakubaliane, na kuku wa kufungua kinywa achinjwe. Bibi alisema anayekula kabla ya kuku huyo huzaa watoto wasioshiba. Sijui kama wataalamu wa lishe wanakubali, lakini sikutaka kuwa wa kwanza kujaribu.

Basi nikaingia sebuleni kwako, nikanawishwa mikono, nikawekewa ugali wa muhogo na sato mzima wa kukaanga, mwenye mikato mitatu kila ubavu. Sijapata kuona sato mzuri namna ile. Selina alikuwa jikoni. Mama akawasha taa, akavuta kiti, akakaa mbele yangu uso kwa uso, akasema, "Mwangaluka wanangu! Leo ndo leo. Leo tunamwona mkwe akila!"

Mzee, nilikaa pale mpaka mikono ikakauka. Nilisema nimefunga. Mama akauliza, "Kufunga Jumapili? Dhehebu gani hilo?" Nilisema jino linauma. Akaniambia nitafunie upande wa pili. Nilisema samaki huwa wananidhuru. Akaigeukia simu akasema, "Jamani, kazaliwa Busisi, ziwa linampigia hodi mlangoni, samaki wanamdhuru!" Hapo nikasimama, nikaomba njia ya kwenda nje, na miguu ikanileta kwako zizini. Mengine unayajua.

Usilolijua ni kwamba video ile ilipewa kichwa: MKWE AGOMEA SATO WA MAMA MKWE, ANAFICHA NINI? Sijui nani anamsaidia Mama kuandika vichwa vya namna hii, lakini ni mtu mwenye ulimi wa pilipili na asiyenitakia mema. Sikuwa nikificha kitu. Nilikuwa natoa heshima. Mtu wa Shinyanga akaandika kwamba nina mke Geita. Mwingine akasema mwenye kukataa samaki wa watu atakuja kukataa na watoto. Mmoja tu alinitetea, akasema huenda niliona unywele kwenye ugali nikanyamaza kwa ustaarabu. Namshukuru, ingawa unywele haukuwepo, na Mama alitumia kipindi kizima cha kesho yake kuonyesha jinsi anavyofunga kitambaa kichwani.

3. Kuhusu jina langu na kazi yangu.

Siku hizi naitwa Mgomo. Watoto wa Igoma wananiita hivyo, na wazazi wao wanawakemea kwa kucheka. Wiki iliyopita nilikwenda soko la samaki la Mwaloni kutengeneza friza la mama mmoja anayeuza sangara. Alinizuia nisifungue kifaa mpaka nile kipande cha sangara mbele yake, ili ajue kama mimi ni mzima. Friza lilikuwa linavuja, samaki wanaanza kulegea, na yeye si mama mkwe wangu, kwa hiyo nikala. Kumbe alikuwa ananirekodi. Jioni hiyo taifa likatangaziwa kwamba kumbe samaki fundi anakula vizuri tu, tatizo lake ni samaki wa Mama Seli.

Hata kanisani sina amani. Mchungaji alipohubiri juu ya watu walioalikwa karamuni wakatoa udhuru, kwaya nzima ilinigeukia, pamoja na mpiga kinanda ambaye mimi ndiye niliyemtengenezea friji kwa mkopo.

4. Kuhusu mwavuli.

Masika yalipoanza nilimnunulia Selina mwavuli, kwa sababu anatembea kwa miguu kwenda shuleni anakofundisha darasa la tatu, na tope la Kisesa unalijua. Kesho yake mada ya Mama ilikuwa: "Mwanaume akikuletea mwavuli badala ya pete, ana maana gani?" Hakunitaja jina. Alisema tu kuna fundi friji mmoja wa Igoma. Mtu wa Mbeya akajibu kwamba huyo anajiandaa na machozi yako. Wa Tabora akasema mwavuli hufunguliwa na kufungwa, na mapenzi yake ndivyo yalivyo. Wa Kigoma akauliza kama ni mwavuli wa mtu mmoja au wa wawili. Ulikuwa wa mtu mmoja, Mzee, na hilo nalo likajadiliwa siku mbili.

Tangu hapo naogopa kumpa zawadi. Juzi nilinunua maembe nimpelekee, nikawaza watakavyoyatafsiri, nikayala mwenyewe.

5. Kuhusu kutekwa kwa baba mdogo.

Baada ya mwavuli nilimtuma baba yangu mdogo, Luhende, aje kuzungumza na Mama kwa heshima ili ile video ya sato ifutwe. Naomba ieleweke kwamba hakutumwa kwa posa. Alitumwa kwa malalamiko. Aliondoka Busisi na koti lake la misibani, fimbo, na maneno niliyomfundisha barabara. Mimi nilikaa karakana nikingoja habari njema.

Habari ilinifikia kwenye simu ya mteja. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kile kiti nilichokikimbia, mbele ya ile taa, amemaliza sato wa kwanza na yuko kwenye mbavu za wa pili. Alipoulizwa kuhusu mimi, alisema, "Yule kijana tangu utoto ni mwoga wa vitu vidogo." Halafu akacheza. Mzee, mtu huyu hakucheza hata kwenye harusi yake mwenyewe, kwa madai ya goti. Sasa ana kipindi chake kila Alhamisi kinachoitwa Ndoa za Zamani, na mama zangu wadogo wanasema goti limepona. Nilipomlaumu alinijibu, "Mwanangu, yule mama anajua kupika, na ile taa inanitoa vizuri." Kwa hiyo mimi sina mshenga. Nilikuwa naye, akaenda mpakani, akabaki upande wa pili.

6. Kuhusu bwana Otuoma na kura ya Jumapili.

Hili ndilo lililoninyima usingizi na kunifanya niandike. Otuoma ni mfanyabiashara wa samaki kutoka Shirati anayemletea Mama sato. Ni mstaarabu, tumewahi kupeana mikono, sina neno naye. Lakini siku moja alikaribishwa chakula, na akala. Alikula mbele ya Mama na mbele ya taa, bila haraka, na alipomaliza mifupa ilikuwa myeupe imelala kwenye sahani kwa mpangilio, pamoja na kile kifupa cha shavuni ambacho wengi wetu hatujui kama kipo. Mashemeji walifurahi kupita kiasi. Waliandika, "Huyu ndo mkwe! Huyu ndo mkwe!" mpaka simu ya Mama ikapata moto.

Sasa imetangazwa kwamba Jumapili hii, mubashara, kutapigwa kura. Anayemtaka Otuoma kwa Selina atabonyeza moyo. Anayemtaka fundi friji atabonyeza samaki. Tumaini langu pekee ni kwamba wako watakaobonyeza samaki kwa kupenda samaki.

Hapa sitanii, Mzee. Nilipoliona tangazo lile niliumia. Nimekuwa na Selina miaka miwili. Ninajua anavyokunja uso akiwa amechoka na madaftari ya watoto, ninajua hapendi kitunguu kibichi, ninajua anavyoimba akidhani kompresa inanizuia kusikia. Leo mtu ambaye hajawahi kumwona, aliyeko Mpanda na bando la usiku, ndiye anayekwenda kuamua kama nitamkosa. Nikimkosa sitakuwa na mahali pa kukata rufaa, maana rufaa yenyewe itawekewa kichwa.

7. Kuhusu wale wanaoleta habari za posa.

Wapo wanaoandika kila siku, na majina yao ninayo, wakiuliza: huyu fundi barua ya posa ameleta lini? Daraja la Busisi limeisha, wazee wake wako wapi? Napenda kukuhakikishia kwamba suala la posa liko katika utaratibu. Mwaka juzi ilikuwa mvua. Kisha yakaja mavuno, na mkulima hatoki shambani kwenda kuposa. Kisha nikamwambia Selina kwamba wazee wangu hawapendi kivuko cha Kigongo, kwa sababu shangazi yangu alitapika humo, hivyo tungoje daraja. Daraja likafunguliwa, wazee wakavuka kwa miguu siku ya kwanza, wakapiga picha, wakarudi. Hapo goti la baba mdogo likawa baya. Unaona mwenyewe kwamba kila hatua ina sababu yake. Posa ni jambo zito, halitaki kusukumwa na watu wasio na kazi, na sioni linavyoingia katika malalamiko haya.

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba kwa unyenyekevu kwamba video ya sato ifutwe, au kama haifutiki, wazee wawili wa kanisa waketi mbele ya taa hiyo hiyo na kueleza maana ya heshima. Naomba pia siku nitakazokuja kusalimia, simu ya Mama ilale zizini. Ng'ombe hawana neno nayo.

Tatu, wale wote wanaodai ushemeji walete barua za utambulisho kutoka kwa wenyeviti wa mitaa yao, wajipange kuanzia getini kwako kuelekea Magu, nipite nikiwasalimia mmoja mmoja. Atakayekosa barua asipige kura. Na kwa kuwa haki huja na wajibu, atakayepiga kura ajue kwamba amekuwa ndugu kamili: atakesha misibani kwetu, atakuja kupalilia pamba, na mtoto wetu wa kwanza akiugua homa atapokea zamu ya kumbeba usiku. Yule wa Muscat aanze kutafuta nauli.

Nne, yote hayo yakishindikana, Mama Selina achague. Ama awe mama mkwe wangu na aache kuwa mama wa taifa, ama aendelee kuwa mama wa taifa na Selina apewe mama mwingine wa muda, kwa kazi ya ukwe tu. Nimefanya uchunguzi. Dada yako Evelina wa Misungwi anafaa. Ni mpole, haoni vizuri kwa mbali, na hana simu ya tachi. Nikimkwepa huyo njiani, nitakuwa nimetimiza desturi yote bila kuonekana na mtu. Mama Seli tutamwita mpishi wa harusi, na naahidi kula kila atakachopika, kwa kuwa mpishi si mkwe.

Nisalimie wote nyumbani. Msalimie yule ndama, natumaini sikio limepona. Msalimie mdogo wake Selina, mwambie aache kuniita Mgomo na kwamba kompresa aliyoiomba kwa maonyesho ya sayansi ipo tayari. Msalimie Shangazi Evelina, ila usimwambie bado. Msalimie na Mama, bila kumwonyesha barua hii. Na wale laki tatu wasalimie kila mmoja kwa jina lake, ukianza na wa Songea anayeulizia kikohozi.

Ni mimi mtoto wako, mwenye heshima na njaa,

Nathaniel Maige
Fundi Friji, Friza na Viyoyozi

N.B. Mzee, barua ilikuwa imeishia hapo juu. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Selina alipoingia karakana akitokea shuleni. Nilimwomba akuletee, maana sina mtu mwingine wa kumtuma. Akasema hawezi kubeba mzigo asioujua, akaisoma yote amesimama, ameegemea friji bovu. Kwenye sato alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika kifungu cha saba aliacha kucheka.

Kutokana na hayo, nalazimika kusahihisha mambo machache. Mama Selina hajui kuandika vichwa wala kukata video. Anajua kupika na kuongea, basi. Vichwa vyote huandika Selina, usiku, akishamaliza kusahihisha madaftari. ANAFICHA NINI ni yeye. Mwavuli ni yeye. Kura ya Jumapili ni yeye. Bwana Otuoma ana mke, anaitwa Agutu, na watoto watatu, na mpaka leo hajui kwamba anagombea chochote.

Kuhusu desturi ya bibi yangu, Selina ameniambia hivi, kwa ile sauti anayotumia darasani: "Mkwe ni yule aliyeposa. Wewe umeposa lini? Wewe pale ulikuwa mgeni, na mgeni akipewa chakula anakula. Umejipa ukwe ambao hujauomba, halafu ukamwachia mama yangu sato wake mezani."

Nikamuuliza kwa nini alinianika vile. Akasema amechoka kungoja. Alitaka kila mtu anijue kwamba mimi ni wake, ili nikikimbia nikamatwe hata Tunduma. Na alitaka nione wivu, niandike. Kisha akaipima barua hii mkononi, kurasa zote, akasema, "Kumbe kuandika unajua." Hakusema kwa kucheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji, Mzee, na mimi ndiye niliyeyajaza, si simu ya mtu.

Sasa hivi amekaa kwenye stuli ya wateja, ananitazama ninavyoandika mistari hii. Kwa hiyo naomba ufute yote ya huko juu, kifungu cha kwanza mpaka cha saba, pamoja na Shangazi Evelina. Mimi, Nathaniel mtoto wa Maige wa Busisi, naomba kumuoa binti yako Selina. Si mvua iliyonichelewesha wala goti la baba mdogo. Niliogopa kuambiwa hapana, na kila nilipokaa kuandika niliona heri niendelee kuwa na nusu ya jibu kuliko kulikosa lote. Wazee wangu watafika kwako Jumamosi, nitawaleta mwenyewe hata kwa kuwabeba. Huko juu kote nilikuwa nazunguka tu.

Selina ameisoma mistari hii nayo. Gundi ameipata yeye, na bahasha ameishika, anangoja nimalize aibandike kwa mkono wake.